Simu Janja na Kubeti Miongoni mwa Mashabiki wa Soka: Kutoka Majukwaa ya Uwanja hadi Mwambao wa Lipingo

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna simu ya mkononi ilivyobadili ushabiki wa soka nchini Tanzania kwa kuuweka mchezo wa kubashiri matokeo mfukoni mwa kila shabiki. Mjadala unaanzia kwenye majukwaa ya viwanja vikubwa na kuishia katika vibanda vya kuangalia mpira vya mwambao wa Ziwa Nyasa, Kata ya Lipingo ikichukuliwa kuwa mfano wa eneo lililo mbali na viwanja lakini lililo karibu na soko la kubeti. Makala inaeleza mambo manne: historia ya kukutana kwa soka, pesa za simu na kampuni za kubashiri, lugha ya wabashiri, hesabu iliyomo ndani ya mkeka, na uhusiano kati ya kalenda ya ligi na kalenda ya kipato cha mvuvi na mkulima. Hoja kuu ni kwamba anayebeti kwa simu hashindani na bahati pekee, bali anashindana na mfumo uliopangwa kwa hesabu, na kwamba ujuzi wake wa soka, hata ukiwa mkubwa, haumlindi dhidi ya hesabu hiyo.

1.0 Utangulizi

Lipingo ni kata ya Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012, na makao yake makuu yako Mbamba Bay. Wakazi wa mwambao huu hutegemea uvuvi wa usipa, mbasa na samaki wengine wa ziwa, pamoja na kilimo, hasa cha mihogo na mpunga. Juu yao, katika milima ya Mbinga, Wamatengo hulima kahawa. Kwa miaka mingi safari ya kutoka mwambao kwenda Songea kuiona Majimaji ikicheza katika Uwanja wa Majimaji ilikuwa ya kupanga mapema, na safari ya kwenda Dar es Salaam kuwaona Simba na Yanga ilikuwa ndoto kwa wengi. Barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa takribani kilomita 66, imepunguza umbali huo, lakini haijaufuta.

Umbali ambao barabara haikuufuta umefutwa na simu kwa namna nyingine. Shabiki aliye mwambaoni huweza kujua kikosi cha Yanga kabla mchezo haujaanza, kuona bao dakika chache baada ya kufungwa na kubishana na mtu aliye Kariakoo kana kwamba wameketi benchi moja. Kwa simu hiyohiyo huweza kuweka dau juu ya mchezo huo, na pia juu ya mchezo unaochezwa Norwei kati ya timu mbili ambazo hajawahi kuziona. Swali linaloongoza makala hii ni hili: jambo gani hubadilika katika ushabiki pale ambapo chombo cha kuangalia mpira kinakuwa pia chombo cha kuweka dau?

2.0 Usuli: Njia Tatu Zilizokutana

Kubeti kwa simu hakukuja kwa siku moja. Ni matokeo ya kukutana kwa njia tatu zilizoanza kwa nyakati tofauti.

Njia ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania na kuipa jukumu la kutoa leseni na kusimamia shughuli hizo. Kwa sheria hiyo mchezo wa kubashiri matokeo ulitambuliwa kuwa biashara halali inayolipa kodi, mradi mchezaji awe ametimiza umri wa miaka 18.

Njia ya pili ni ya fedha. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, kisha mitandao mingine ikafuata kwa huduma zake. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kubashiri alilazimika kufika dukani, kuandika tiketi na kurudi kuchukua ushindi wake. Pesa za simu ziliondoa safari hiyo. Aidha, ziliondoa haja ya kuwa na simu ya gharama: menyu ya nyota na reli hufanya kazi hata kwenye kitochi, kwa kuwa hutumia mawasiliano ya kawaida ya mtandao wa simu wala haihitaji bando. Kwa hiyo, ingawa simu janja ndiyo inayozungumzwa zaidi, mlango wa kubeti ulikuwa wazi hata kwa asiye nayo.

Njia ya tatu ni ya soka lenyewe. Mwaka 2017 SportPesa, kampuni iliyokuwa imeanza Kenya mwaka 2014, iliingia Tanzania na kuzidhamini Simba na Yanga kwa pamoja. Tarehe 13 Julai mwaka huo Everton ya Uingereza, iliyokuwa ikidhaminiwa na kampuni hiyohiyo, ilicheza na Gor Mahia ya Kenya katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, ambao leo unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Everton ilishinda 2–1, na Wayne Rooney alifunga bao katika mchezo wake wa kwanza tangu arejee klabuni hapo. Kwa mashabiki wengi siku hiyo ilikuwa ya kumwona Rooney kwa macho. Kwa upande wa biashara, ilionesha kwamba jina la kampuni ya kubashiri linaweza kusimama katikati ya furaha ya soka. Mwaka 2022 Simba ilitangaza mkataba na kampuni ya M-Bet wenye thamani ya shilingi bilioni 26.1 kwa miaka mitano. Kiasi hicho kinadhihirisha jinsi klabu kubwa zilivyoifanya sekta hii kuwa nguzo ya bajeti zao.

Njia hizi tatu zilipokutana, shabiki alijikuta amezungukwa: jina la kampuni liko kifuani mwa mchezaji anayempenda, malipo yako kwenye simu yake, na sheria inamwambia kwamba jambo hilo ni halali.

3.0 Simu Mikononi mwa Shabiki Uwanjani

Wataalamu wa mawasiliano wanaofuata nadharia ya matumizi na uradhi, iliyofafanuliwa na Katz, Blumler na Gurevitch katika miaka ya 1970, husema kwamba hadhira si chombo tupu kinachojazwa ujumbe. Mtu huchagua chombo cha habari kwa ajili ya haja fulani aliyonayo. Kwa mtazamo huo, shabiki aliyeketi jukwaani ana haja nyingi zinazotimizwa na simu moja. Hupiga picha ili kuthibitisha kwamba alikuwepo. Huwatumia wenzake sauti na video. Hufuatilia matokeo ya viwanja vingine. Hutazama tena tukio ambalo mwamuzi ameliamulia vibaya kwa maoni yake. Na hubeti.

Matumizi manne ya kwanza hupanua uwanja: yaliyo ndani hupelekwa nje. Matumizi ya tano hufanya kinyume chake, kwani huleta ndani ya uwanja jambo lisilohusiana na mchezo unaochezwa. Shabiki wa Simba aliyeweka dau kwamba mchezo utakuwa na mabao matatu au zaidi huweza kujikuta akitamani timu yake ifungwe bao moja, ili mradi hesabu yake itimie. Mwingine huangalia simu dakika ambayo bao linafungwa mbele yake, kwa kuwa moyo wake uko kwenye mchezo wa Italia uliosalia katika tiketi yake. Katika ushabiki wa jadi furaha na huzuni ni mali ya jukwaa zima. Katika ushabiki wa dau kila mtu huwa na mchezo wake wa siri ndani ya mchezo wa wote.

Zipo pia sababu za kiufundi zinazofanya uwanja kuwa mahali pagumu kwa mbashiri. Uwanja wa Benjamin Mkapa huchukua watazamaji wapatao 60,000. Minara ya simu huhudumia watu kwa kugawana uwezo mmoja, na watu wengi wanapotuma video kwa wakati mmoja, kila mmoja hupata sehemu ndogo. Dau lililotumwa dakika ya 70 linaweza kukwama na kukataliwa dakika ya 71. Mtu aliye nyumbani na mtandao mzuri huwa na nafasi bora kuliko aliye uwanjani.

4.0 Kibanda Umiza: Uwanja wa Mwambao

Mashabiki walio wengi hawaoni mpira wakiwa katika viwanja vikubwa. Huuona katika kibanda umiza, yaani chumba chenye mabenchi, televisheni, dishi na kiingilio kidogo, ambamo watu hubanana kiasi kwamba jina lenyewe limetokana na maumivu ya kuketi humo. Kwa vijiji vilivyo mbali na miji, mwambao wa Nyasa ukiwamo, kibanda cha namna hii ndicho jukwaa la Simba na Yanga, na ndicho jukwaa la Ligi Kuu ya Uingereza.

Kibanda kina sifa ambayo uwanja hauna: mechi kadhaa hufuatana, na muda wa kusubiri huwa mrefu. Muda huo ndio wakati wa kupanga mikeka. Vijana hukaa na simu, hujadili timu, husomeana odi na hukopeshana salio. Majadiliano hayo yana thamani yake ya kijamii. Ni shule ya hesabu, ya jiografia na ya hoja, na ni mahali ambapo kijana asiye na kazi ya kudumu husikilizwa kwa sababu anajua jina la beki wa kushoto wa Brighton. Kupuuza thamani hiyo ni kushindwa kuelewa kwa nini kubeti kunapendwa. Anayebeti peke yake hununua tumaini. Anayebeti kibandani hununua pia nafasi ya kushiriki mazungumzo.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu anapoacha kubeti hupoteza zaidi ya mchezo, kwani hupoteza mada ya jioni. Wito wa kuwataka vijana waache kubeti bila kuwapa mahali pengine pa kukutana na kuheshimiwa hauwezi kuwa na uzito mkubwa.

5.0 Lugha ya Mkeka

Kiswahili cha wabashiri kimekua haraka, na istilahi zake hufunua fikra zilizomo. Tiketi yenye mechi nyingi huitwa mkeka. Jina hilo linafaa kwa umbo, kwa kuwa orodha ya mechi hutandazwa kama mkeka. Linafaa pia kwa muundo, kwa kuwa mkeka ni kazi ya kufuma ambamo kila ukindu hushikilia mwingine. Mkeka ukishinda husemwa kwamba umetiki. Timu moja ikikosea husemwa kwamba imechana mkeka. Msemo huu ni sahihi kihesabu: katika tiketi ya namna hiyo timu moja inatosha kuharibu kazi ya timu tisa.

Istilahi nyingine zinahusu ulaji. Aliyeshinda amekula, aliyeshindwa ameliwa. Kampuni nayo hupewa sura ya mtu. Mitaani husikika msemo wa kumpiga au kumla “Mhindi”, bila kujali mmiliki halisi wa kampuni ni nani. Msemo huo ni masalia ya historia ya biashara ya rejareja nchini na una chembe ya ubaguzi ndani yake. Zaidi ya hayo, unapotosha maana ya mchezo. Unamfanya mbashiri aamini kwamba kuna mtu upande wa pili anayeweza kuzidiwa ujanja siku moja. Upande wa pili kuna hesabu tu, na hesabu haichoki wala haipitiwi na usingizi.

Neno la tatu ni uhakika. Katika makundi ya WhatsApp na Telegram huuzwa “mechi za uhakika”. Namna moja ya udanganyifu huu hueleweka kwa mfano mwepesi. Tuseme mtu ana namba 800 za simu. Watu 400 huwaambia kwamba timu fulani itashinda, na 400 wengine huwaambia kwamba haitashinda. Baada ya mchezo huachana na waliopewa jibu lisilo sahihi, kisha huwagawa waliobaki 200 kwa 200, halafu 100 kwa 100. Baada ya mechi tatu wamebaki watu 100 walioshuhudia utabiri sahihi mara tatu mfululizo bila kukosea. Hao ndio wanaoombwa kulipia utabiri wa nne. Mwenye kutabiri hakuwa na ujuzi wowote. Alikuwa na orodha ndefu ya namba.

6.0 Hesabu Iliyomo Ndani ya Mkeka

Odi ni namba inayoonesha dau litazidishwa mara ngapi likishinda. Chukua soko lenye majibu mawili tu, kwa mfano iwapo mchezo utakuwa na mabao matatu au zaidi, na tuchukulie kwamba kila jibu lina uwezekano wa nusu kwa nusu. Odi ya haki ingekuwa 2.00 kila upande. Kampuni haitoi odi hiyo. Inaweza kutoa 1.90. Mtu mmoja akiweka shilingi 1,000 upande huu na mwingine shilingi 1,000 upande ule, kampuni hupokea 2,000, humlipa mshindi 1,900 na kubaki na 100. Matokeo ya mchezo hayaiathiri. Asilimia 5 iliyobaki ndiyo bei ya kushiriki, ingawa haiandikwi popote kwenye tiketi.

Kwa mechi moja bei hiyo ni ndogo. Katika mkeka hujirudia kwa kila mechi. Mechi tano za namna hiyo zikiunganishwa, kati ya kila shilingi 1,000 wanazoweka wabashiri, wastani wa kinachorudi kwao ni takribani shilingi 774. Mechi kumi zikiunganishwa, kinachorudi ni takribani shilingi 599. Yaani kampuni hubakiza shilingi 401 katika kila 1,000, mara nane ya kile inachobakiza kwa mechi moja. Mkeka huo wa mechi kumi huahidi kulipa takribani shilingi 613,000 kwa dau la 1,000, na macho ya mbashiri hutua hapo. Hata hivyo, uwezekano wa kuupata ni mmoja kati ya 1,024, na malipo ya haki kwa uwezekano huo yangekuwa shilingi 1,024,000. Ndiyo maana mikeka mirefu hupigiwa debe na kuongezewa bonasi: ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa mwenye duka.

Wabashiri wengi hujibu kwamba hawachagui mechi za nusu kwa nusu; huchagua timu kubwa zenye nafasi nzuri ya kushinda. Tuchukulie basi timu kumi, kila moja ikiwa na uwezekano wa asilimia 70. Uwezekano wa zote kumi kushinda ni takribani asilimia 2.8. Uwezekano wa tisa kushinda na moja tu kukosa ni takribani asilimia 12.1. Kwa maneno mengine, kukosa kwa timu moja hutokea zaidi ya mara nne kwa kila mara moja ya kushinda. Ukijumlisha na mikeka inayochanwa na timu mbili, zaidi ya theluthi moja ya mikeka yote huishia pale ambapo mchezaji husema, “Nilikaribia.”

Hesabu hii inaeleza uchungu unaosikika kila Jumapili usiku. Mbashiri huichukulia timu iliyochana mkeka kuwa ajali na kushawishika kwamba wiki ijayo itakuwa zamu yake. Ukweli ni kwamba kukaribia si dalili ya kukaribia. Ni tabia ya kawaida ya tiketi ndefu. Mwanasaikolojia Ellen Langer alieleza mwaka 1975 namna watu wanavyoamini kwamba wana uwezo wa kudhibiti mambo yanayotokea kwa bahati, hasa pale wanaporuhusiwa kuchagua wenyewe. Mkeka ni chombo kilichojaa uchaguzi. Kadiri mtu anavyochagua kwa makini, ndivyo anavyoona kwamba matokeo ni kazi ya mikono yake. Na shabiki wa kweli, anayejua majeruhi na historia za makocha, huwa katika hatari zaidi kuliko asiyejua, kwa kuwa ujuzi wake humpa ujasiri ambao odi tayari imeutoza bei.

7.0 Kubeti Mchezo Ukiendelea na Mchezo wa Kindege

Simu janja imeongeza jambo ambalo duka la tiketi halikuliweza: kubeti mpira ukiwa unachezwa. Odi hubadilika kila dakika, na mchezaji huweza kuweka dau jipya baada ya kila tukio. Wapo wanaodhani kwamba aliye uwanjani ana faida kwa kuwa huona tukio kabla ya televisheni. Ni kweli kwamba matangazo ya setilaiti huchelewa kwa sekunde kadhaa, na ndiyo maana mwenye redio kibandani huweza kushangilia kabla ya wenzake. Lakini kampuni hununua taarifa kutoka kwa watu wanaozituma moja kwa moja kutoka uwanjani, husimamisha soko mara tu hatari inapotokea golini, na huweka muda wa kusubiri kabla ya dau kukubaliwa. Anayechelewa ni mbashiri wa kibandani, ambaye huweka dau juu ya jambo ambalo huenda limekwisha kutokea.

Mlango wa soka huelekeza pia kwenye vyumba visivyo vya soka. Ndani ya programu hizohizo kuna mechi za kompyuta zisizo na wachezaji halisi, na kuna mchezo ujulikanao kwa wengi kama kindege, ambapo ndege ndogo hupaa kwenye skrini na mchezaji hutakiwa kutoa pesa zake kabla haijatoweka. Hapa hakuna ujuzi wa kikosi wala wa kocha. Mzunguko mmoja huisha kwa sekunde chache. Hata kama kampuni ingebakiza shilingi 3 tu kwa kila 100, anayeweka shilingi 1,000 katika mizunguko 100 amezungusha shilingi 100,000 kwa muda mfupi, na wastani wa hasara yake ni shilingi 3,000. Kasi hufanya kazi ambayo odi mbaya ingeifanya. Mechi ya soka humpa mtu dakika 90 za kufikiri. Kindege hakimpi hata dakika moja.

8.0 Kalenda ya Kipato na Kalenda ya Ligi

Kipato cha mwambao wa Nyasa kina majira yake. Usipa huvuliwa usiku kwa taa, na giza ni sehemu ya kazi. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hupoteza nguvu na uvuvi hupungua. Upepo mkali wa katikati ya mwaka nao huweza kuwazuia wavuvi kuingia ziwani. Fedha ya mvuvi huja kwa mafungu: siku nzuri hufuatwa na siku tupu. Kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga fedha huja kwa msimu, baada ya mavuno na mauzo.

Kwa muda mrefu jamii zenye kipato cha namna hii zimejenga njia za kukihifadhi: kununua mbuzi, kununua bati moja moja, kuchanga katika vikundi vya kukopeshana, kuweka akiba ya mihogo shambani. Njia hizi zina sifa moja muhimu, nayo ni kwamba fedha haipatikani upesi. Bati halitumwi kwa simu. Salio la simu, kinyume chake, hutumika saa yoyote, hata usiku wa manane, mwenye nalo akiwa peke yake, mke au mzazi asijue. Siku tupu za mwezi mpevu, mvuvi anapokuwa na muda mwingi na fedha kidogo, ndizo siku ambazo ahadi ya shilingi 613,000 huwa na nguvu kubwa zaidi.

Kalenda ya ligi haina siku tupu. Ligi kubwa za Ulaya huanza Agosti na kumalizika Mei. Zinapopumzika, ligi za Norwei na Ufini huwa zinaendelea, na zote zikisimama mechi za kompyuta hubaki. Mtu anayeweka shilingi 1,000 kila siku huweka shilingi 365,000 kwa mwaka. Si lazima apoteze yote, kwa kuwa hushinda mara mojamoja. Lakini ushindi mdogo mara nyingi hurudishwa kwenye mkeka mwingine, na makato ya miamala na kodi ya ushindi hupunguza kinachobaki. Hasara ya aina hii haionekani kama msiba. Huonekana kama bati ambalo halikununuliwa, daftari lililocheleweshwa, au nyavu iliyoshonwa kiraka kwa mara ya nne.

9.0 Sheria na Mipaka Yake

Serikali za Afrika Mashariki zimekabiliana na suala hili kwa njia tofauti. Mwezi Januari 2019 Rais Museveni wa Uganda aliagiza kusitishwa kwa leseni mpya za kampuni za kubashiri. Mwezi Julai mwaka huohuo Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, na SportPesa ikasimamisha shughuli zake nchini humo mwezi Septemba kutokana na mgogoro wa kodi. Utafiti wa kampuni ya GeoPoll wa mwaka 2017, uliofanywa kwa simu katika nchi sita za Afrika, ulikuwa umeonesha kwamba asilimia 76 ya vijana waliohojiwa nchini Kenya walikuwa wamewahi kubeti au kucheza michezo ya kubahatisha. Tanzania imeendelea na njia ya leseni na kodi, na viwango vya kodi ya ushindi vimebadilishwa mara kadhaa kupitia Sheria za Fedha.

Sharti la umri wa miaka 18 ndilo kinga kuu, lakini simu imelilegeza. Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliokamilishwa mwezi Januari 2020, huthibitisha mwenye laini. Hauthibitishi mwenye kidole kinachobonyeza. Mtoto anayetumia laini ya baba yake ni mtu mzima machoni pa mfumo. Katika kijiji ambacho simu moja hutumiwa na watu kadhaa wa nyumba moja, pengo hilo si dogo.

Kuna pia suala la uadilifu wa mchezo. Kanuni za FIFA zinawakataza wachezaji na waamuzi kubeti kwenye soka, na mwezi Februari 2020 shirikisho hilo liliwafungia wachezaji wanne waliokuwa wa klabu ya Kakamega Homeboyz ya Kenya kwa kupanga matokeo, mmoja wao kwa maisha. Nchini Uingereza klabu za Ligi Kuu zilikubaliana mwezi Aprili 2023 kuondoa majina ya kampuni za kubashiri mbele ya jezi baada ya msimu wa 2025/26. Klabu za Tanzania, ambazo hazina mapato makubwa ya televisheni kama hizo, zina ugumu zaidi wa kufuata njia hiyo. Ni vyema hata hivyo kukumbuka kwamba sehemu ya fedha zinazofika klabuni kwa jina la udhamini zilianzia mifukoni mwa mashabiki wenyewe, wakiwamo walio mbali kabisa na uwanja.

10.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba simu imeleta mwambaoni mambo mawili yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa athari. Imeleta soka, ambalo huwaunganisha watu, na imeleta dau, ambalo humtenga kila mmoja na mkeka wake. Imeonesha pia kwamba bei ya kubeti imefichwa ndani ya odi, kwamba hukua kadiri mkeka unavyorefuka, na kwamba hisia ya kukaribia kushinda ni zao la muundo wa tiketi yenyewe.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, hesabu za uwezekano zinazofundishwa sekondari zinaweza kufundishwa kwa mfano wa mkeka, ili mwanafunzi wa Lipingo aijue bei kabla hajailipa. Pili, kampuni zinaweza kulazimishwa kuonesha kwenye tiketi, kwa Kiswahili chepesi, uwezekano wa kushinda kando ya kiasi kinachoahidiwa. Tatu, viwanja vya vumbi vya shule na vijiji vinastahili kutunzwa, kwa kuwa huko ndiko shabiki hurudi kuwa mchezaji. Mpira unaochezwa jioni ufukweni, wavuvi wakisubiri giza liingie, hauna odi. Kila aliyehudhuria huondoka na alichokuja nacho mfukoni, na bado ameuona mpira.